Mtamba wa Mjomba Yengi

Mama Paska alikuwa amejaribu fremu saba na kuzikataa zote. Ya nane aliiweka puani, akajitazama kwenye kioo cha mkono, akakunja uso.

"Hii nafanya mimi kama hakimu," alisema. "Mimi nauza simsim sokoni, Poni. Mimi hapana funga watu."

"Basi jaribu ile ya kahawia, Mama."

"Ya kahawia iko bei gani?"

"Bei ni moja."

"Punguza, mwanangu. Macho iko yangu, pua iko yangu, wewe nauzia mimi waya tu."

Poni alicheka. Ilikuwa alasiri ya Jumanne, na mvua iliyotishia tangu asubuhi ilikuwa bado imening'inia juu ya Arua. Mwenye duka, Mzee Dramadri, alikuwa amesafiri kwenda Kampala kununua lenzi. Poni alibaki peke yake na koti lake jeupe, mashine ya kukatia lenzi, na cheti chake kilichotundikwa ukutani ndani ya kioo, mahali ambapo mteja angekiona kabla hajakaa.

Ndipo aliposikia mtu akipangusa viatu mlangoni. Mara tatu mguu wa kulia, mara tatu wa kushoto.

Hakugeuka. Katika maisha yake alimjua mwanamume mmoja tu aliyepangusa viatu namna hiyo, hata wakati wa kiangazi, hata kwenye mlango wa nyumba ya udongo. Miaka kumi ilikuwa imepita, na bado aliijua hesabu ile ya miguu.

"Hodi," ilisema sauti.

"Karibu," Poni aliiambia ile fremu ya kahawia.

Mama Paska alimtazama mgeni, akamtazama Poni, kisha akairudia sura ya mgeni. Akaichukua miwani ya kahawia mkononi mwa Poni, akaivaa, akatazama upya.

"Hii nachukua," alisema. "Na hii naona mambo."

Akalipa bila kuomba tena kupunguziwa, jambo ambalo halijawahi kutokea, akatoka huku akigeuka nyuma mara mbili.

Wakabaki wawili.

Mgeni alikuwa Andama mwenyewe. Alikuwa amekonda mashavuni, na ndevu zake zimeanza kuingiwa na mvi upande mmoja tu, kama mtu aliyelalia majivu. Shati lake lilipigwa pasi vizuri sana, mikunjo ya mikono imenyooka kama rula. Poni aliitazama mikunjo hiyo kuliko alivyotazama uso. Ilikuwa pasi ya mtu anayempenda.

Kwa miaka kumi alikuwa ameandaa maneno ya siku hii. Mengine aliyaandaa kwa machozi, mengine kwa hasira, mengine akiwa anafua nguo. Yaliyotoka yalikuwa haya:

"Umepaona kwa urahisi?"

"Najua pako wapi. Nimepita hapa mara nyingi."

"Hukuingia."

"Macho yalikuwa mazima."

Poni alimwonyesha kiti. Andama alikaa kama watu wanavyokaa kanisani siku ya kwanza, nusu ya kiti.

"Sasa yamekuwaje?"

"Simu za siku hizi, vitu vyake viko vidogo kama chawa. Zamani nilikuwa nachomea waya nikiwa nasikiliza mpira. Sasa naunguza kidole." Akainua kidole gumba. Kulikuwa na alama mbili za kuungua, moja bado nyekundu. "Wateja wananicheka. Wanasema fundi wa Onduparaka anatengeneza redio kwa kunusa."

"Una miaka arobaini na sita. Ni kawaida."

"Umekumbuka miaka yangu."

"Ni kazi yangu kujua miaka ya watu," alisema Poni, akageuka haraka kuchukua fremu ya majaribio.

Kazi ya kupima macho haina namna ya kufanywa kwa mbali. Ilimbidi amsogelee, amvalishe ile fremu nzito ya chuma, anyooshe vipini juu ya masikio yake. Masikio yale aliyajua. Alimulika tochi ndogo jicho la kulia, kisha la kushoto. Mwaka mzima chuoni alifundishwa kutazama jicho kama jicho, si kama mtu, na siku zote aliweza. Siku hiyo aliona mtu.

"Tazama juu ya bega langu," alisema.

"Nikitazama hapo sioni kitu."

"Hutakiwi kuona kitu. Tazama tu."

Akatazama juu ya bega lake, kwa utii, na Poni akaona kwamba kope zake zilikuwa zimelowa kidogo. Akaizima tochi.

Aliweka lenzi ya kwanza, akampa kadi ya kusoma. "Sasa?"

"Kama ukungu."

"Na hii?"

"Afadhali."

"Na hii?"

Andama aliisogeza kadi karibu. Alisoma mstari mdogo kabisa wa chini, polepole, kisha akaushusha mkono wake kwenye paja na kuutazama, kama mtu aliyerudishiwa kitu.

"Naona mpaka mistari ya kiganja," alisema. "Daktari, hii ni dawa."

"Mimi si daktari. Mimi ni fundi, kama wewe. Namba yako ni mbili kamili, macho yote mawili. Nitakukatia lenzi sasa hivi, usubiri."

"Nitasubiri." Alivua fremu, akamrudishia. Vidole vyao havikugusana, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake ameangalia visigusane. "Lakini macho si jambo lote lililonileta, Poni. Kuna lingine. Nataka kukuuliza kitu, na nataka unijibu kweli."

Poni aliketi.

"Viktoria," alisema Andama, akilitaja jina hilo mbele yake kwa mara ya kwanza. "Mke wangu. Amepika jikoni kwa shule miaka saba. Moshi umemchosha. Sasa amepata barua ya chuo. Chuo kilekile chako, cheti hichohicho, mwaka mmoja. Ada, wewe unaijua, na imepanda tangu wakati wako. Tukilipa, kiwanja tulichotaka kujenga kimekwenda. Watoto ni watatu, tunapanga vyumba viwili." Alikitazama cheti ukutani. "Nataka kujua kama kinafaa gharama yake. Nimeuliza watu. Huyu anasema utakula, huyu anasema ni karatasi. Viktoria akasema, kamuulize yule. Yule hatakudanganya."

"Viktoria alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Hata shati alinipigia pasi yeye."

Poni aliona mikunjo ile tena, na safari hii ilimkata.

Alikuwa na uwezo wa kusema hakifai. Neno dogo. Andama angerudi nyumbani, kiwanja kingebaki, na mwanamke mmoja huko Onduparaka angeendelea kupika kwa moshi bila kujua kwa nini. Poni alijiona akiwa na neno hilo mdomoni, na akajiogopa, kwa sababu hakuwa mgeni wa maneno madogo.

"Ngoja nikate lenzi," alisema.

*

Miaka kumi nyuma, kabla Arua haijaitwa jiji, Poni alikuwa mwalimu wa chekechea huko Dranya, na Andama alikuwa na kibanda cha redio mjini Koboko. Poni alimpelekea redio ya shule iliyokuwa inakohoa. Ilitengenezwa kwa siku moja, lakini yeye aliirudisha mara nne kwa ubovu ambao haukuwepo. Andama alikuwa Mlugbara, Poni Mkakwa. Mapenzi yao yote yalisemwa kwa Kiswahili, kile cha sokoni na barabarani, ambacho hakuna kati yao aliyekinyonya kwa mama yake. Ndiyo maana, alifikiri Poni baadaye, kila neno lilikuwa jipya. Watu wote walimwita Poni. Andama peke yake alimwita Night, jina lake la kwanza, na alilitamka polepole kama anayepunguza sauti ya redio.

Darasani kwa Poni kulikuwa na mtoto aitwaye Sitti, ambaye siku zote alinakili kutoka daftari la jirani. Poni alimwadhibu kwa uvivu muhula mzima. Kisha siku moja nesi mgeni alipita shuleni na kadi ya herufi, ikajulikana kwamba Sitti hakuwahi kuuona ubao. Poni hakulala vizuri wiki ile. Alipotangaziwa kwamba chuo kimoja cha Arua kinafundisha upimaji macho na utengenezaji miwani kwa mwaka mmoja, aliomba, akapata. Ila ada ilikuwa bei ya mtamba mmoja mzuri, na mshahara wake usingetosha hata miguu ya mtamba huyo. Aliiweka barua chini ya godoro, akamwambia Andama, "Iache. Tufunge ndoa kwanza. Labda mbele ya safari."

Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapatikana. Mjomba Yengi, kaka wa mama yake Poni, alikuwa amekwenda mwenyewe kumchagua wa kwake. Alikuwa mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi, mrefu, asiyecheka na wakwe. Aliwapita ng'ombe wote, akasimama kwa mtamba mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kifuani. Akampitisha mkono mgongoni kutoka shingo hadi mkia, akamwagia maji ya kibuyu, akasema maneno yake taratibu. Kwa watu wa ukoo wake, mtamba aliyemwagiwa maji hivyo ameshakuwa na mwenyewe, hata kama bado amefungwa kwa bwana harusi akisubiri siku.

Kwa akina Andama mjomba pia hupewa ng'ombe wake, lakini huchaguliwa siku yenyewe ya mahari. Kwa hiyo Andama alimwona mzee yule akimwagia ng'ombe maji, akadhani ni baraka tu.

Alhamisi moja alikuja Dranya akikimbiza pikipiki, akamkuta Poni akifuta ubao. Akamwekea karatasi mezani. Risiti ya chuo, ada ya mwaka mzima, jina lake juu: Night Poni.

"Unaanza Jumatatu ya wiki mbili zijazo!" alisema, akicheka kama mtoto. "Nilitaka ushangae."

Poni alimrukia shingoni mbele ya watoto thelathini. Alicheka, akalia, akaisoma risiti mara tano. Ya sita ndipo alipouliza: "Umepata wapi?"

"Nimeuza yule mtamba mwekundu. Kabla ya Krismasi nitanunua mwingine. Rangi ileile, na doa nitalitafuta."

Poni aliitoa mikono yake shingoni mwa Andama. "Yule wa Mjomba?"

"Si alikuwa bado kwangu?"

Jumamosi yake wakakaa kikao nyumbani kwa akina Poni, wanaume kwenye viti, akina shangazi kwenye mikeka. Mjomba Yengi alikuwa na tabia kwamba akikasirika aliacha Kikakwa na kurudi kwenye Kiswahili cha kambini. Siku ile alianza nacho tangu salamu.

"Ngombe yangu iko wapi?"

"Mjomba, niliuza," alisema Andama. "Nitaleta nyingine. Rangi ileile."

"Mimi hapana uliza rangi. Ile mimi namwagia maji na mkono yangu. Iko wapi?"

"Nilimlipia Poni ada ya chuo."

Shangazi mmoja alipiga kite. Mjomba Yengi hakumtazama tena Andama. Aligeuza kiti chake taratibu mpaka akaelekea mikekani.

"Wewe, Poni. Ulijua?"

Andama hakuelewa swali lile lilikuwa na uzito gani. Poni alielewa. Miaka mitatu kabla, mchumba wa binamu yake Ayikoru aliuza mbuzi wa mjomba ili kumtibu mama yake, na swali lilelile likaulizwa kwenye mkeka uleule. Ayikoru alisimama akasema, "Nilijua. Mimi ndiye niliyemtuma." Mjomba alinung'unika, akaitisha mbuzi mwingine wa faini, akamla, na harusi ikafanyika mwezi huohuo. Binti wa nyumba akigusa mali ya mjomba wake ni utundu wa mtoto, unalipwa na kusahaulika. Mgeni akiigusa ni mwizi, na mwizi haozeshwi. Kila msichana aliyekaa pale alijua hivyo, na wote walimwinamia Poni kidogo, wakimsubiri aseme.

Andama naye alimtazama. Hakuwa anamwomba chochote. Alitaka tu kuuona uso anaoujua kati ya nyuso zote zile.

"Sikujua," alisema Poni.

*

Mashine ilisaga ukingo wa lenzi ya pili kwa kelele, maji yakitiririka juu ya jiwe. Poni alikuwa amempa Andama mgongo. Alisubiri mpaka jiwe lilipoacha kuzunguka, na bado hakugeuka.

"Andama. Siku ile pale nyumbani, Mjomba aliponiuliza kama nilijua."

"Ulisema kweli. Hukujua."

"Ningesema nilijua, tungeoana."

Nje mtu alipita akipiga honi ya bodaboda. Poni aliikausha lenzi kwa kitambaa, akaikausha tena.

"Sema vizuri," alisema Andama.

"Ningesema nilijua, ungelipa mbuzi mmoja. Mjomba angemla, angekutukana kidogo, basi. Ndivyo inavyokuwa kwetu. Wewe hukujua, mimi nilijua. Wote pale walijua."

"Neno moja."

"Neno moja."

"Kwa nini, Night?"

Hakuwa amesikia jina hilo kwa miaka kumi. Wateja walimwita Dada, Mzee Dramadri alimwita Mwalimu, mama yake alipokuwa hai alimwita Poni. Alikiweka kitambaa mezani.

"Kwa miaka mingi nilijiambia ni hasira. Hukuniuliza. Uliuza kitu cha kwetu, ukaniletea kama zawadi. Na nilijiambia ni ukweli, kwamba mimi si mtu wa kudanganya wazee." Sasa aligeuka. "Lakini risiti ilikuwa ndani ya mkoba wangu, Andama. Nilikuwa nimekaa juu ya mkoba. Nikafikiri, nikiolewa mwezi ujao, nitakwenda kwenu Onduparaka, nitapata mimba, wataniambia chuo ngoja kwanza. Na nisipoolewa, njia ya Arua iko wazi na ada imeshalipwa. Nilifikiri hayo yote kabla Mjomba hajamaliza kuuliza. Ndiyo maana nilisema kweli. Siku ile kweli ilikuwa na faida."

Andama aliinuka. Poni alidhani anaondoka. Lakini alikwenda mpaka ukutani, akasimama mbele ya cheti, karibu sana, kisha akarudi hatua mbili, na mbili tena, akitafuta mahali ambapo macho yake yangeweza kusoma jina.

"Mjomba Yengi alikufa mwaka juzi," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Nilipata habari. Watu wakaniambia twende matangani, hata kukaa kidogo. Nikakataa. Nikasema, huyo mzee alininyang'anya mke. Miaka kumi, Night. Kila nikisikia Kiswahili cha askari wazee, nilikuwa natema mate chini." Alicheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Kumbe maskini alikuwa ameuliza tu swali."

"Nisamehe."

Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa ya kwanza juu ya bati, na kwa muda kelele ile iliwasaidia wote wawili. Andama akarudi kwenye kiti, safari hii akakaa kiti kizima, kama mtu aliyechoka.

"Kama ungeniambia usiku ule baada ya kikao, barabarani nilipokuwa nawasha pikipiki," alisema, "ningegeuka."

"Najua."

"Mimi ningegeuka, Night."

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia."

Poni alizibana lenzi ndani ya fremu, moja baada ya nyingine, akakaza skrubu. Ilikuwa kazi ya mikono iliyoijua njia. Alipomaliza alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yakiwa mbali ya kutosha.

"Sasa nikujibu swali lako."

"Nijibu."

"Kinafaa. Sikudanganyi. Miezi minane ya kwanza baada ya kumaliza nilikaa bila kazi, nikalala kwa rafiki na kula mara moja kwa siku. Mwambie hilo, ajiandae. Hatatajirika. Mzee Dramadri analipa kidogo, lakini analipa, na moshi haumo. Miwani ya kwanza niliyokata kwa mkono wangu nilimpelekea Sitti huko Dranya. Alivaa, akatoka nje, akasimama. Akaniuliza, Mwalimu, kumbe miti ina majani mojamoja?" Aliifuta ile miwani kwa kitambaa. "Siku hiyo nilisema kinafaa. Jioni, nikirudi chumbani, sikuwa na mtu wa kumwambia. Basi. Hiyo ndiyo gharama yangu, lakini si chuo kilichonitoza."

Andama alikuwa akiisugua ile alama ya moto kwenye kidole gumba.

"Kwa hiyo niuze kiwanja."

"Viktoria anasemaje kuhusu kiwanja?"

Andama alizidi kukisugua kidole.

"Andama. Viktoria anasemaje?"

"Anajua ada. Kiwanja hajui. Anadhani nitakopa kwa kaka yangu." Aliinamisha kichwa. "Mnunuzi anakuja kesho asubuhi. Nilitaka ada ilipwe kwanza, nimletee risiti. Nilitaka..."

"Ashangae," alisema Poni.

Wakatazamana. Na katikati ya huzuni yote ile, Poni alicheka, akaziba mdomo kwa mkono, na Andama naye akacheka bila kutaka, mpaka machozi yake yakapata kisingizio.

"Wewe mutu hapana jifunza!" Poni alisema, kwa kile Kiswahili chao cha kibandani. "Ng'ombe, sasa kiwanja! Kesho utauza nini, paa?"

"Kichwa yangu iko ngumu."

"Iko ngumu kama ya punda." Kisha kicheko kikamwisha. Akasogea mbele. "Nisikilize. Nenda nyumbani sasa hivi. Mwambie kabla hajaweka chakula mezani. Kaa naye, mkigombana mgombane leo. Akisema usiuze, usiuze, hata kama moyo unakuuma. Akisema uza, basi muuze wawili. Ili siku watu wa kwao wakimgeuzia kiti na kumuuliza kama alijua, awe na kitu cha kusema. Usimwache kama ulivyoniacha mimi, na jibu moja tu mkononi."

"Wewe ulikuwa na majibu mawili."

"Ndiyo," alisema Poni. "Nilikuwa nayo mawili."

Alimpa miwani. Andama aliivaa, akakitazama kiganja chake, akaitazama alama ya kidole, kisha akainua macho polepole mpaka usoni kwa Poni. Walikuwa karibu, umbali wa kadi ya kusomea. Alitazama kwa muda mrefu, bila haraka, kama anayekagua redio ya mtu kabla ya kuirudisha. Poni hakuficha kitu. Mistari ya macho, kovu dogo la kidevuni alilolipata chuoni kwa kipande cha lenzi, mvi mbili juu ya sikio. Aliacha vyote vionekane.

"Umezeeka kidogo," Andama alisema kwa sauti ya chini.

"Na wewe."

"Uko vilevile."

"Chagua moja."

Alitabasamu. Akatoa pesa, Poni akazipokea, kwa sababu asingezipokea lingekuwa jambo lingine. Alimwandikia risiti. Andama aliikunja, akaiweka mfuko wa shati lililopigwa pasi.

"Vua kabla hujatoka," alisema Poni. "Hizo ni za karibu tu. Ukitembea nazo kila kilicho mbali kitakuwa ukungu, utajikwaa."

"Sawa."

Akaivua, akaitia kwenye kasha lake, akaenda mlangoni. Mvua ilikuwa imepungua. Alisimama kizingitini akitazama barabara yenye maji mekundu, kisha akalifungua tena lile kasha dogo, akaivaa miwani. Ndipo akageuka.

Kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti kulikuwa na hatua sita. Poni alizijua namba zake. Kwa lenzi za mbili kamili, kwa hatua sita, mtu huona koti jeupe na duara la uso, na haoni zaidi ya hapo. Andama pia alijua. Alikuwa ameambiwa dakika moja iliyopita. Alisimama pale, amemwelekea, amemwachia nafasi.

"Asante, Night," alisema.

Poni aliinua mkono kumuaga, na akayaacha machozi yashuke yalivyotaka.